Shungi la Lasmirah

Asubuhi ya tatu mfululizo Ngatinah alikuta kitana kimelowa.

Kilikuwa kitana cha pembe ya nyati, kinachoning'inia msumarini pembeni mwa dirisha la jikoni, na hakuna aliyekuwa ameosha kichwa. Kiangazi kilikuwa kimekaza, kisima cha uani kimeshuka mpaka kamba imeungwa mara mbili, nguo ukianika unaanua ya kwanza hujafika ya mwisho. Sasa kitana kilowe na nini? Alikipangusa kwa pindo la saruni yake, akakinusa. Kilinukia majivu ya mabua ya mpunga, harufu ya kichwa kilichooshwa vizuri, na nyuma yake harufu nyingine, ya udongo uliofukuliwa sasa hivi. Akakirudisha msumarini. Akajiambia ni panya.

"Panya gani anaosha nywele?" Ndivyo mama mkwe wangu Painem alivyokuwa akisema kila akifika hapo, miaka mingi baadaye, wala hakuwa anacheka. Alikuwa jirani wa Ngatinah, ua kwa ua, na haya yote aliyaona kwa macho yake.

Pale Sumberwaru, mwanamke yeyote aliyesumbuliwa na nywele alikwenda kwa Ngatinah. Alikuwa mjane, mikono yake myeusi kwa kemiri, zile kokwa anazozikaanga mpaka ziungue, akazitwanga, akazichemsha na tui mpaka mafuta yapande juu. Na mdomo wake haukuchoka kufundisha. "Nywele zilizonyooka hazisitiri kosa, mwanangu. Ukizikosea leo, kesho kijiji kizima kinaona. Usichane zikiwa mbichi, zitavutika kisha zikatike. Anza nchani, panda pole pole, shina liwe la mwisho. Mafuta ni ya ncha, utosi una mafuta yake. Usizifunge mbichi, zitavunda. Na usizianike juani kama mihogo, kaa kivulini upepo ufanye kazi. Ikiingia magharibi, kitana msumarini. Saa hiyo huchani nywele peke yako."

Maji ya kuoshea aliyatengeneza mwenyewe: anachoma mabua ya mpunga, majivu yake anayaloweka usiku kucha, asubuhi anayachuja kwa kitambaa mpaka yatoke maji ya rangi ya chai hafifu, anakamulia ndimu. Maji hayo ndiyo huoshewa bibi harusi. Na ndiyo huoshewa kichwa cha maiti. Ngatinah aliwaosha wote, wa huku na wa huko, kwa kata ileile ya kifuu.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Wuryani, wa miaka kumi na tisa, na nywele za Wuryani ndizo zilizokuwa fahari yake duniani. Zilifika kwenye mashavu ya miguu. Watu wa Sugito walipokuja kuposa, mama wa kijana aliomba zifunguliwe, zikamwagika mpaka mkekani, na Painem akapiga kelele kutoka mlangoni, "Haya Sugito, sema mapema, unaoa mtu au unaoa mkia wa farasi?" Watu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Harusi ikawekwa tarehe ishirini, Mfungo Tatu.

Halafu ikaja homa ya matumbo. Wuryani alilala wiki tano. Alipoinuka alikuwa hai, alhamdulillahi, lakini nywele zilitoka kiganja kwa kiganja, zikabaki kama mkia wa panya, na ngozi ya kichwa inaonekana. Mama yake alizichukua zile zilizotoka akazitupa mtoni, maana nywele zilizotolewa na ugonjwa hazihifadhiwi, ziende na maji pamoja na ugonjwa wenyewe.

Na hapo ndipo shida ilipoanza. Kwetu bibi harusi hufungwa fundo kubwa kisogoni, ndani limejazwa majani ya mkadi yaliyochanwa, juu limefunikwa wavu wa asumini. Fundo hilo ni zito. Lisiposhikwa na nywele za kutosha linateleza, na likianguka mbele ya wageni, watu wanaihesabu ndoa imeanguka. Aliyepungukiwa huongezewa shungi. Tangu msichana ana miaka saba, kila unywele unaobaki kwenye kitana unazungushwa kidoleni, unachomekwa kwenye ufa wa ukuta wa mianzi, na zikitimia zinasukwa shungi lake. Lake mwenyewe. Shungi halitoki kichwa kimoja kwenda kingine, na mwenyewe akifa anazikwa nalo.

Ngatinah alitoa ufani akiba yote ya Wuryani, akaipima mkononi. Haikufika nusu.

Kisha akapanda kwenye kichanja juu ya meko, akashusha kopo la biskuti ambalo hakuwa amelifungua miaka tisa.

Ndani mlikuwa na shungi la Lasmirah.

Huyu Lasmirah hakuwahi kuolewa. Alikaa peke yake karibu na kisima cha zamani, uso umenyauka kama embe lililosahaulika, lakini nywele! Nyeusi, nzito, zinateleza kama maji ya usiku, mpaka visiginoni. Aliziosha kila siku ya pili, mgonjwa aoshe, mfungo aoshe, mvua na radi aoshe. Watu walimcheka. Siku anakufa alimshika Ngatinah mkono, akanong'ona: "Dada, wewe ndiye utakayeniosha. Shungi langu lilaze chini ya shingo yangu. Usilichome, usimgawie mtu. Nilipokuwa mtoto kuna kitu kilinikamata nywele pale kisimani, hakijaniachia mpaka leo. Nimekiosha na kukichana miaka arobaini ili kibaki kwenye nywele, kisiingie kichwani. Nikienda nacho chini, hakutakuwa na wa kukiosha. Kitakufa kiu. Niahidi."

Ngatinah aliahidi. Alidhani ni homa inayosema. Alipomwosha na kumvika sanda, akalishika shungi lile, likamwelemea mkononi, laini, akawaza: nywele kama hizi, ziliwe na mchwa? Akalisokomeza ndani ya kanzu yake. Hakuna aliyeona.

Sasa alilifungua kopo akitegemea kukuta nywele kavu zilizopauka. Zilikuwa zinang'aa. Zilikuwa na unyevu. Na yeye aliyezizungusha mara tatu kopo likatosha, alizikuta zimejizungusha mara tano.

Aliona. Painem alikuwa akirudia neno hilo akijipiga paja: "Aliona, jamani, aliona!" Lakini tarehe ishirini ilikuwa imebaki wiki tatu. Akazichanganya nywele za maiti na nywele za mwanawe, akasuka shungi moja, akamwita Wuryani.

"Mama, hizi zote zangu?"

"Za nani tena? Kaa chini."

Lilipofungwa kisogoni, Wuryani alijitazama kwenye kioo, machozi yakamtoka kwa furaha. Akaomba alale nalo usiku mmoja tu. Asubuhi yake ndiyo ile kitana kilianza kulowa.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya neema, au walidhani hivyo. Kichwa cha Wuryani kiliota. Asubuhi nywele zimegusa bega, baada ya siku mbili zimeshuka kwapani. Painem alikuja kuangalia, akashika ncha. "Heh! Ngatinah, hayo mafuta yako leo umeyatia mbolea? Nitie na mimi, nina upara wa kubebea ndoo." Ngatinah akacheka, lakini Painem aliona jicho lake halicheki. Maana lile shungi lilikuwa halivuliwi tena. Wuryani alikataa livuliwe. Na ndani ya nyumba ile kavu, adhuhuri, jua linapasua ardhi, palikuwa na sauti ya matone. Tii. Tii. Ngatinah alitafuta mtungi unaovuja. Hapakuwa na unaovuja.

Siku ya nane, magharibi, Painem alikuwa anafungia kuku wake. Akasikia kitana. Unajua sauti ya kitana kwenye nywele ndefu, shwaa, shwaa. Alichungulia juu ya ua akamwona Wuryani ameketi barazani nyuma, mgongo kwake, anachana, na nywele zimefika sakafuni.

"Wee Wuryani! Magharibi hii? Mama yako hakukufundisha?"

Kitana kikasimama. Msichana hakugeuka. Alisema pole pole, kwa sauti kavu ya mwanamke mzima, "Painem, kile kitana changu ulichokiazima mwaka wa njaa, hukukirudisha."

Painem aliingia ndani, akafunga mlango, akakaa chini nyuma yake. Kitana hicho alikiazima kwa Lasmirah. Wuryani alikuwa hajazaliwa.

Usiku uleule Ngatinah aliitwa. Si "Mama". Aliitwa kwa jina.

"Ngatinah."

Aliinuka mkekani. Wuryani alikuwa amelala chali, macho wazi, kichwa kimezungukwa na nywele zilizolowa.

"Ngatinah, tuna kiu. Maji ya majivu yako wapi? Miaka tisa, dada. Miaka tisa kwenye kopo."

Akaenda akachoma mabua usiku huohuo, hakungoja majivu yalowe mpaka asubuhi, akamwosha mwanawe. Alipomaliza, Wuryani akafumba macho na kusema kwa sauti yake ya siku zote, "Asante, Mama, sasa nasikia usingizi." Toka hapo ikawa hivyo. Akiosha, mtoto analala. Asipoosha, mtoto analia kilio ambacho huwezi kukivumilia kwa mwanao. Kwanza mara moja kwa siku, kisha mbili, kisha tano, na kila akiosha nywele zinanenepa, zinang'aa, hazina hata ncha moja iliyopasuka, hazijapata kuonekana nywele zenye afya kama zile, na Wuryani chini yake anapungua, mashavu yanaingia, shingo inakuwa kama bua, mpaka kichwa ikabidi kiegemezwe ukutani kwa sababu hakuweza tena kukibeba.

Painem ndiye aliyekwenda kumwita Kiai Dasuki, mwalimu wetu wa dini, bila kuomba ruhusa. Mzee alikuja mchana, akakaa mbali kidogo na mgonjwa, akavuta pumzi puani mara mbili.

"Binti yangu Ngatinah," akauliza kwa upole, "humu ndani mna kitu cha mtu? Kitu ambacho mwenyewe hakukupa?"

Ngatinah alitazama sakafu. Aliwaza watu wa Sugito watasikia. Aliwaza watu watasema: mwosha maiti wetu anawaibia maiti. Nani atampa tena mama yake amwoshe?

"Hamna, Kiai."

"Fikiri vizuri."

"Hamna."

Kiai alisoma, akapuliza kwenye bakuli la maji, akamnywesha Wuryani. Ukutani, Wuryani akatabasamu. Akasema kwa sauti ile kavu, "Umesikia, mzee. Hamna." Kiai aliinuka akijua kuna uongo, ila mtu huwezi kumng'oa neno mdomoni. Akaenda zake.

Siku nne zilipita hivyo. Siku nne, jamani, kwa ajili ya aibu. Zilipobaki siku mbili kufika harusi, Wuryani aliomba uji, mama akaleta kijiko, na alipomfungua mdomo aliona ndani, nyuma ya ulimi, unywele mmoja mweusi unashuka kooni. Akashika ncha akavuta. Akavuta, akavuta, unywele unakuja tu, umelowa, unanukia udongo, na mtoto anamtazama kwa macho yake mwenyewe yanayoomba. Kijiko kilianguka. Ngatinah alitoka mbio bila viatu, akampita Painem kisimani, akafika kwa Kiai akaanguka mlangoni na kusema yote, kwa sauti ambayo nusu ya kijiji ilisikia, na hakujali tena.

Walirudi watu watatu, Kiai, Ngatinah, na Painem aliyebeba mkasi. Kiai alisoma bila kupumzika, na Ngatinah akashika shungi alitoe, lakini halikuwa limefungwa tena, lilikuwa limeota, limeshika mashina kama muhogo unavyoshika ardhi, na kila alipolivuta ngozi ya kichwa iliinuka na yakatoka maji badala ya damu, maji ya rangi ya chai hafifu, baridi kama ya chini ya kisima, na Wuryani akapiga ukelele kwa sauti mbili kwa pamoja, moja ikisema "Mama, kata" na nyingine ikisema "Dada, uliniahidi," na Ngatinah akikata huku analia anaomba msamaha hajui anamwomba nani kati ya wawili, mkasi unateleza, nywele zinaanguka zinajikunja sakafuni kana kwamba zinatafuta mlango, mpaka kichwa cha mtoto kikabaki cheupe na kidogo, kama alivyozaliwa.

Matone yakakoma.

Wuryani akavuta pumzi. "Mama," akasema, "kichwa chepesi."

Walizikusanya zote kwenye sanda ndogo, wakaenda makaburini kabla jua halijazama. Kiai alichimba juu ya kaburi la Lasmirah, kina cha mkono tu, na katika kiangazi kile udongo ulitoka mweusi umelowa. Wakalizika shungi. Ngatinah alipiga magoti. "Dada Lasmirah, amana yako hii hapa. Nimekosa. Niachie mwanangu."

Njiani Painem alimuuliza Kiai kwa kunong'ona, "Limekwisha?"

Kiai akamjibu bila kugeuka. "Mwenye amana amepata amana yake. Lakini kile kitu alikizuia yeye kisiingie kichwani kwa miaka arobaini. Huyu mtoto hakujua kwamba anatakiwa kukizuia."

Usiku ule Wuryani alikula uji bakuli mbili. Alipapasa kichwa chake, akacheka kidogo. "Sugito atanikimbia. Atasema alioa mkia wa farasi kaletewa yai." Ngatinah akamwambia, "Akimbie, nitakulea mwenyewe mpaka uzeeke." Walilala wameshikana mikono. Painem aliwaacha hivyo, na alisema hakuna siku aliyowahi kuona nyumba yenye amani kama ile.

Ngatinah aliamshwa na ubaridi mkononi. Palikuwa pamekucha, siku ya kumwosha bibi harusi. Maji ya majivu yalikwisha chujwa tangu juzi, yamesimama kwenye chungu na asumini zinaelea. Mkono wa mwanawe ulikuwa ndani ya wake, baridi. Na kutoka kwenye kile kichwa walichokiacha cheupe, nywele zilikuwa zimeshuka mkekani, zimevuka kizingiti, zimekwenda moja kwa moja mpaka kwenye chungu, na ncha zake zimezama ndani ya maji.

Alimwosha kwa maji yale. Hapakuwa na mengine. Alichana kuanzia nchani, akapanda pole pole, shina likawa la mwisho. Akamsuka mikia mitatu kama wanavyosukwa wafu. Na safari hii alizika kila kitu: kopo, kitana cha pembe, hata unywele alioukuta umenasa kwenye mkeka aliutoa kwa ukucha akautia sandani. Kisha akajinyoa kichwa, na hakuosha tena mtu, hai wala mfu. Sugito alioa mwaka uliofuata, kijiji cha mbali.

Miaka ikaenda. Nywele za Ngatinah ziliota tena, nyeupe, fupi, hazifiki sikio. Alizichana kwa kitana cha mti, cha bei rahisi, na kilichobaki kwenye kitana alikitupa motoni. Alijiapiza hivyo. Painem alikuwa akimpelekea mboga, wanazichambua wawili.

Kiangazi kimoja, adhuhuri, Ngatinah alishika kitana akakikuta kimelowa.

Kwenye meno yake palikuwa na unywele mmoja. Mrefu kupita mkono wake, mweusi, umenyooka, haujapasuka ncha. Aliutazama. Alijua anachotakiwa kufanya, moto ulikuwa unawaka hatua mbili kutoka pale. Lakini vidole vyake, vidole vilivyofanya kazi moja miaka hamsini, viliuzungusha kwenye kidole cha shahada, mara moja, mara mbili, mara tatu, vikaufunga vizuri, vikaenda wenyewe kwenye ufa wa ukuta wa mianzi kuuchomeka.

Haukuingia. Ufa ulikuwa umejaa.

Alichungulia. Ndani kulikuwa na viduara vya nywele nyeusi, vimepangwa kimoja juu ya kingine, mamia, kila kimoja kimefungwa kwa fundo lake yeye, fundo ambalo hakuna mwingine pale Sumberwaru aliyelijua. Na ndani ya ukuta, mbali kidogo, msichana akasema, "Mama, nina kiu."

Painem alikuwa anapepeta mchele uani kwake. Aliona moshi ukipanda kutoka jikoni kwa Ngatinah, mweupe, akasikia harufu yake: mabua ya mpunga. Aliweka ungo chini. Alisimama kwenye ua na mkono juu ya kijiti cha lango kwa muda mrefu.

Hakuvuka.